Mdogo wangu anataka kukaa chumba kimoja chuoni na rafiki yake wa kidato cha sita. Nimuunge mkono au nimzuie?

#1 Binti Kahama
Habari zenu wakuu.

Mdogo wangu wa kike, miaka 20, kachaguliwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na anaanza mwezi huu. Ana rafiki yake kipenzi, wamesoma wote mchepuo wa PCB miaka miwili shule ya bweni, vitanda vimefuatana. Naye kapata hapohapo Mlimani ila kozi tofauti. Wote wameomba hosteli. Wakikosa, wameshapatana kupanga chumba kimoja Msewe au Changanyikeni. Wakipata vyumba tofauti, watatafuta mtu wa kubadilishana naye ili wakae pamoja.

Mama kafurahi mpaka kawanunulia mashuka ya kufanana. Mimi ndiye moyo unasita. Mwaka wangu wa kwanza nilipangiwa chumba na mtu nisiyemjua hata kwa sura, na huyo ndiye aliyenisimamia harusi yangu. Nimeona pia marafiki wa sekondari walioingia chuo wameshikana mikono wakatoka hawasalimiani.

Sitaki kuwa dada mkorofi bila sababu. Waliopitia naomba uzoefu wenu, hasa akina dada. Natanguliza shukrani.

#2 Kapera77
Mwache akae naye. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Chuoni kuna rumeti unaweza kupangiwa naye ukajuta kwa nini ulifaulu. Na hosteli watapata tu, zile za Magufuli zinachukua watu zaidi ya elfu sita.

#3 Dalali wa Msewe
Chumba Msewe kipo, singo, choo cha ndani, maji ya kisima, luku ya kujitegemea. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Wanafunzi wawili wanaruhusiwa, watatu hapana.

#4 Fundi Vipimo
Kapera77, rekebisha hapo. Magufuli Hostels zilizofunguliwa 2017 ni majengo 20 na uwezo wake ni wanafunzi 3,840. Ongeza Mabibo na kumbi za zamani za juu kilimani, bado wengi wa mwaka wa kwanza watalala mtaani. Kwa hiyo swali la dada ni la kweli. Mtaani hakuna wa kukupangia, unachagua mwenyewe wa kugawana naye kodi.

#5 Mwalimu wa Zamu
Binti Kahama, nimekuwa mwalimu wa malezi bwenini kwa miaka 11. Kuna jambo wazazi wengi hawalioni.

Hao mabinti hawajawahi kuishi pamoja. Walilala bweni moja, na hicho ni kitu kingine kabisa. Kengele ya alfajiri iliwaamsha wote. Taa ilizimwa na mtu mwingine. Zamu ya kudeki ilibandikwa ukutani na kiranja. Chakula kilipikwa na wapishi, kila mtu na sahani yake, na aliyechelewa alijua atakuta nini. Wakigombana, matroni anawaita ofisini wanatoka wanalia wamekumbatiana. Yale yote ambayo watu wawili hugombania ndani ya chumba, shule iliwaamulia.

Toa kengele, toa matroni, toa kiranja. Watakutana upya hapo Msewe, siku dumu la maji litakapoisha usiku na kila mmoja anamsubiri mwenzake aamke kwenda kuchota.

#6 Kimbweta
Mwalimu umenigusa. Mimi na mshikaji wangu tulikaa dawati moja miaka miwili bila hata kurushiana neno. Tumefika chuo, wiki ya tatu nagundua jamaa anasoma kwa sauti. Kwa SAUTI wakuu. Kumbe shuleni alikuwa anaenda kusomea nyuma ya maabara na mimi sikuwahi kujiuliza huwa anaenda wapi. Nilihamia moja kwa moja kwenye vimbweta, zile meza za nje za kusomea, nasoma mpaka mbu wananijua. Ndiyo asili ya jina langu humu.

#7 Nuru ya Lindi
Mimi nipo upande wa mama yenu.

Nina selimundu. Shuleni rafiki yangu alikuwa anajua nikianza kukaa kimya na kukunja magoti, maumivu yanakuja. Alijua ninywe maji mengi, nisioge ya baridi, nisipewe blanketi la unyevu. Hakuna aliyemfundisha, alijifunza kwa kuniona.

Muhula wa kwanza chuoni, usiku wa manane, nilishikwa nikashindwa hata kuita. Aliamka mwenyewe. Aliniambia baadaye kuwa alisikia napumua vibaya. Alitafuta bajaji, akabeba kadi yangu ya kliniki bila kuuliza ipo wapi maana aliiona nilipoiweka siku ya kwanza, akamweleza daktari historia yangu yote mimi nikiwa siwezi kusema. Mtu mgeni angefanya nini? Pengine angenihurumia. Pengine angedhani ni malaria. Lakini asingejua.

Kwa hiyo mtu akiniambia rafiki wa sekondari anakuzuia kupata marafiki wapya, namsikiliza, ila nakumbuka usiku ule.

#8 Kapera77
Pole sana dada Nuru. Hilo ndilo nililotaka kusema ila sikuwa na maneno.
Fundi, nimekupata kuhusu 3,840.

#9 Mzawa Ughaibuni
Huku Marekani hili jambo linajadiliwa kila mwaka. Vyuo vya huku haviruhusu wa mwaka wa kwanza kuchagua rumeti, wanachanganywa kwa makusudi ili mtoto wa tajiri akutane na wa maskini. Wameona wanaochaguana wanachagua watu wanaofanana nao. Hata sisi tungeiga.

#10 Fundi Vipimo
Mzawa, si vyuo vyote. Duke ndiyo iliyotangaza 2018 kwamba wanaoingia mwaka wa kwanza hawatachaguana tena, isipokuwa wachache wenye sababu maalumu. Vingi bado vinaruhusu, na vingine vinampa mtoto fomu ajaze analala saa ngapi, ni msafi kiasi gani, anasoma na muziki au bila, kisha wanamtafutia wa kufanana naye.

Ukitaka utafiti, upo wa Bruce Sacerdote uliochapishwa 2001 kuhusu Dartmouth, ambako wa mwaka wa kwanza walipangiwa rumeti bila kuchagua. Aliona rumeti anagusa wastani wa alama zako, na anagusa pia kama utajiunga na vile vyama vya kijamii vya wanafunzi wa huko. Lakini hakugusa uchaguzi wa fani ya kusomea. Yaani tabia za kila siku zinaambukiza, ndoto yako unabaki nayo mwenyewe.

#11 Mwalimu wa Zamu
Fundi, shukrani. Ila huo utafiti ni wa watu wasiojuana waliopangwa pamoja. Hausemi lolote kuhusu marafiki waliochaguana. Tusiubebeshe mzigo usio wake.

#12 Fundi Vipimo
Ni kweli, nakubali. Nilitaka kuonyesha tu kwamba unayelala naye chumba kimoja si samani. Sasa kama mgeni anaweza kugusa alama zako, rafiki uliyemzoea atagusa zaidi au kidogo? Hapo sisemi.

#13 Nahodha Mkongwe
Wanangu, poleni na majukumu.

Nilipanda Mlimani 1986. Wakati huo huchagui kitu. Tena kabla ya chuo tulikuwa tumeshapita JKT mwaka mzima, kwa hiyo urafiki wa sekondari ulikuwa umeshachujwa na jembe na kwata. Mimi natoka Musoma, nikawekwa chumba na kijana wa Mbinga. Alikuwa ananieleza kilimo chao cha ngoro, yale mashimo wanayochimba kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo. Nikadhani ananitania. Likizo akanichukua nikaenda kuona kwa macho yangu. Mlima mzima kama sega la nyuki. Nilisimama pale nikajiona sijui nchi yangu.

Yule mtu nilimzika mwaka juzi. Nilikwenda Mbinga kwa basi na umri huu, watoto wake wananiita baba mkubwa.

Ningekaa na mwenzangu wa Musoma tungeongea habari za Musoma miaka mitatu. Huo ndio msimamo wangu. Chuo ni mahali pa kukutana na asiye wako.

#14 Kimbweta
Shikamoo mzee Nahodha. Pole kwa msiba. Hiyo ya sega la nyuki itanikaa kichwani.

Ila enzi zenu Serikali ndiyo iliyolisha na kulaza. Leo mtoto anakutana na mwenye nyumba, luku na nauli. Si rahisi kumwambia akachukue mtu asiyemjua akagawane naye kodi ya miezi sita.

#15 Nahodha Mkongwe
Marahaba. Hapo umesema kweli, uchangiaji ulianza sisi tumeshatoka. Na JKT nayo wakaisimamisha 1994 hadi 2013. Siku hizi ni miezi michache.

#16 Pemba Kaskazini
Assalaam alaykum. Mie nasoma uzi huu nacheka na hayo mabweni yenu. Sie huku skuli na chuo tunasema dahalia. Nilisoma Tunguu, nikakaa dahalia na mwenzangu tuliyetoka naye kijiji kimoja na chuo kimoja cha Kurani. Hatukugombana hata siku moja. Na sababu yake nakwambieni: kila jambo lilikuwa na wakati wake. Adhana ya alfajiri inatuamsha sote. Futari ikifika tunakula sinia moja. Ile kengele ya Mwalimu wa Zamu sie tulikuwa nayo, haikubaki skuli.

#17 Dalali wa Msewe
Pemba, dahalia si neno la bwalo la chakula?

#18 Pemba Kaskazini
La hasha, dahalia pa kulala. Kauze vyumba vyako.

#19 Mama Wawili
Nimesoma kimya tangu asubuhi. Naona mnazungumza tabia, usafi, marafiki wapya. Hakuna aliyegusa hela, na hela ndiyo iliyonitenganisha na mtu niliyempenda kama ndugu.

Tangu kidato cha tano tulikuwa tunaitwa mapacha. 2016 tukaingia chuo kimoja, tukapata chumba kimoja, tukashukuru Mungu. Mkopo ulipotoka, mimi nikapata asilimia mia. Mwenzangu hakupata hata senti. Baba yake alikuwa na duka dogo, nadhani kwenye fomu lilionekana kubwa.

Bumu la kwanza, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, likaingia, 510,000. Sikuwahi kushika fedha kama ile. Nilirudi chumbani na kuku mzima wa kuchoma, chipsi, na soda mbili baridi, nikatandika kanga sakafuni. Tulikula, tukacheka, tukapiga picha. Mara ya pili nikaja na chakula, akasema ameshakula kantini. Wiki iliyofuata kafunga Jumatatu na Alhamisi. Nikaamini, maana shuleni pia alikuwa akifunga.

Siku moja kipindi kiliahirishwa nikarudi mapema. Nikamkuta amekaa pembeni ya kitanda ameshika kikombe changu cha bati, anakoroga uji mweupe hauna hata sukari. Ule unga alikuwa ameuficha ndani ya boksi la viatu, umefungwa kwenye mfuko mara mbili. Hakushtuka. Alinitazama tu, akaendelea kukoroga.

Nikaanza kulia. Nikamwambia kwa nini hukusema, hela yangu si yako? Akanijibu taratibu kabisa, "Miaka mitatu? Utanilisha miaka mitatu?"

Baada ya hapo chumba kilibadilika. Nilikuwa nakula njiani nimesimama, chapati na chai, nafuta mdomo kabla sijafungua mlango. Nikinunua sabuni nanunua mbili, naacha moja juu ya meza bila kusema, naikuta hapohapo haijaguswa. Muhula wa pili akahamia kwa shangazi yake Mbagala, akasema ni kwa sababu ya utulivu wa kusoma. Mbagala hadi chuoni kwa daladala, eti utulivu.

Angekuwa mtu nisiyemjua, ningemkaribisha kama jirani naye angepokea kama jirani. Kwetu sisi kila sahani ilikuwa inamkumbusha kwamba shuleni tulikuwa sawa.

Binti Kahama, usiulize kama wanapendana. Uliza kama wanajua kipato cha kila mmoja.

#20 Kapera77
Mama Wawili… nimeisoma mara mbili.

#21 Juja Mwisho wa Lami
Salamu kutoka Kenya. Hiyo hadithi imenigusa, mama.

Huku kwetu KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, ikishakutuma chuo, watu wa shule moja wanatafutana hata kabla ya siku ya kuripoti. Mimi nilikaa na mwenzangu wa dawati, tumesoma pamoja miaka minne. Bedsita moja Juja. Pesa haikutusumbua, mkopo wetu wa HELB ulikuwa karibu sawa. Kilichotumaliza ni wazazi.

Mama yangu na mama yake wako chama kimoja, kila Jumapili wanakutana. Nikikosa darasa Ijumaa, Jumapili mama anajua. Mwenzangu hakuwa mbaya, alikuwa anaulizwa tu na mamake "mwenzako anaendeleaje" na yeye hajui kudanganya. Nami nikawa naulizwa habari zake. Tukawa tunaishi kama watu wawili wanaochungana. Mwaka wa pili nikahama, na urafiki ukarudi vizuri kabisa. Mpaka leo tunaenda mechi pamoja.

Kwa hivyo sikubali kwamba shida ni kujuana. Shida ni kwamba familia zinajuana.

#22 Binti Kahama
Wakuu nashukuru, sikutegemea uzi ungefika hapa. Mama Wawili, nimekaa na maneno yako nikashindwa kulala. Juja, umenichekesha na kunitisha, maana mama yangu na mama wa yule binti wameanza kupigiana simu tangu matokeo ya Julai. Wameshaunda hata kikundi cha WhatsApp.

Swali kwa Nuru ya Lindi: wewe na mwenzio mlipitaje kwenye hayo ya hela na wazazi?

#23 Nuru ya Lindi
Hela wote hatukuwa nayo, kwa hiyo hapakuwa na wa kumficha mwenzake. Wazazi wangu hawakuwa na simu ya maana. Labda ndiyo maana.

#24 Mpishi wa Dodoma
Mama Wawili, mimi nilikuwa huyo mwenye uji. Si yule wako, maana nilisoma Dodoma na mimi ni mwanaume, lakini naomba nimsemee.

Kilichokuwa kinaniuma siyo njaa. Njaa unaizoea, saa nane mchana inapita. Kilichoniuma ni pale tunapokwenda mahali na wenzetu wa kozi, bili inakuja, rumeti wangu anasema "huyu wangu, namlipia." Alikuwa anasema kwa upendo. Na shuleni mimi ndiye niliyekuwa namfundisha hesabu usiku na mshumaa. Sasa nimekuwa "huyu wangu".

Siku moja nikamwambia wazi, nikiwa na hasira. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaweka elfu ishirini mezani, akasema: "Mimi siwezi kupika. Nenda sokoni ununue wewe, upike wewe, mimi nitaosha vyombo." Basi. Tangu siku hiyo nikawa mpishi. Nilijua bei ya nyanya soko zima, nilijua muuza dagaa gani anapunguza jioni. Wengine wawili wa chumba cha pili wakajiunga, wakawa wanachangia. Nikala miaka mitatu bila kusema asante, kwa sababu na wao walikuwa wananiambia asante.

Angekuwa mgeni nisingethubutu kumpandishia sauti, na mambo yangeishia kwenye uji. Nilimpandishia kwa sababu alikuwa rafiki. Kwa hiyo mimi naona kinyume chako, mama. Urafiki ndio ulioniokoa. Ila nakubali ilikuwa karibu sana kutuua.

#25 Mama Wawili
Kaka, laiti ningekuwa na akili hiyo wakati ule. Nilikuwa na miaka ishirini, nilijua kutoa tu, sikujua kumpa mtu kazi. Asante kwa kuniambia.

#26 Fundi Vipimo
Kwa wanaosoma leo: bumu la chakula na malazi ni 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Ile 510,000 ya Mama Wawili ni hesabu ya siku 60 kwa 8,500 ya wakati ule. Kiwango kimepanda, lakini mwenye asilimia mia na mwenye sifuri bado wanalala chumba kimoja.

#27 Kimbweta
Tusisahau na wageni. Akina kaka mnajua. Rumeti akipata mchumba, wewe unakuwa mlinzi wa getini. Ukiwa na mtu wa kupangiwa unamwambia "ndugu, saa nne usiku mimi nalala." Ukiwa na mshikaji wako wa tangu kidato cha tano unachukua daftari unatoka, unakaa nje mpaka saa saba, unamwambia hamna shida. Hamna shida hiyohiyo ndiyo inayojaa mpaka siku inapasuka kwa sababu ya kijiko.

#28 Mwalimu wa Zamu
Hapo ndipo penyewe. Mgeni unamwambia, rafiki unamstahi. Mpishi wa Dodoma alisema kwa hasira ikasaidia, wengi hawasemi kabisa.

#29 Nahodha Mkongwe
Kimbweta, ulivyosema saa saba nimekukumbuka wewe na mbu wako.

#30 Binti Kahama
Wakuu, mambo yamebadilika. Majina ya hosteli yametoka jana jioni. Mdogo wangu KAPATA. Rafiki yake KAKOSA.

Sasa mdogo wangu anasema anaachia chumba chake ili wakapange wote mtaani, hawezi kumwacha mwenzake peke yake. Ama sivyo atambeba humohumo hosteli, walale kitanda kimoja. Mama anasema abebwe, "si wamezoea kulala jirani." Mimi nimechanganyikiwa. Hosteli ni nafuu kuliko chumba cha mtaani, na ni hatua chache mpaka darasani.

#31 Kapera77
ASIACHIE CHUMBA. Narudia, asiachie. Nilikuwa upande wa mama tangu mwanzo ila hapa nageuka. Akishaachia hakirudi.

#32 Kimbweta
Kubebana sikushauri. Kitanda cha deka ni futi mbili na nusu, watu wazima wawili, mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule. Nimebeba mtu muhula mzima, najua miguu yake kuliko uso wake. Halafu kuna wenzenu wengine chumbani ambao hawakuulizwa. Wakikagua, mwenye chumba ndiye anayeitwa, si aliyebebwa.

#33 Nuru ya Lindi
Mimi nasema ambebe wiki mbili tatu tu, mpaka apate pa kukaa. Watu wengi hufanya hivyo na wengine huacha vyumba baada ya mwezi wakaenda kwa ndugu. Kumwacha binti wa mkoani atafute gheto peke yake wiki ya kwanza Dar si utu.

#34 Dalali wa Msewe
Kile cha Msewe kimechukuliwa leo. Kipo Makongo Juu, ila kule mvua ikinyesha tope. Kama ni binti peke yake, kuna mama mjane anapangisha chumba ndani ya fensi yake na anataka wa kike tu. Nitumie ujumbe, hela ya udalali tutaelewana, ni mwanafunzi.

#35 Juja Mwisho wa Lami
Dalali una roho, sikudhani.

#36 Mzawa Ughaibuni
Naona hili lililotokea ni bahati kwao. Mmoja ndani, mmoja Makongo, wanakutana mchana, kila mmoja na maisha yake.

#37 Pemba Kaskazini
Bahati kwa nani? Yule aliyekosa naye utamwambia ni bahati?

#38 Mama Wawili
Binti Kahama, mdogo wangu, nina swali moja na nimelirudia tangu jana. Rafiki yake amepata mkopo? Maana majina ya awamu ya kwanza yameshatoka. Kama mdogo wako anaachia hosteli ili wagawane kodi, lazima ajue kodi hiyo mwenzake ataitoa wapi. Na kama anambeba, ajue atakula nini.

#39 Binti Kahama
Sijui. Ngoja nimuulize, yupo hapa anapanga sanduku.

#40 Binti Kahama
Nimemuuliza. Hajui. Kaniambia, "Dada, hilo hatujawahi kuongea." Miaka miwili vitanda vimefuatana.

Kakaa kimya kidogo, kaacha nguo sakafuni, kachukua simu yangu maana yake haina salio, katoka nayo uani. Wapo kwenye simu nusu saa sasa, namsikia kwa mbali ila siyo maneno. Mama ananiuliza wanaongea nini. Nitarudi.